Elektrodi ya betri ya lithiamu-ioni: nikeli au chuma, grafiti au silikoni, rojo au unga mkavu?

Gramu moja ya silikoni inabeba chaji ya miliampea-saa 3,579. Gramu ya grafiti inabeba 372. Mtu akikutana na tarakimu hizi kwa mara ya kwanza hujiuliza kwa nini dunia bado inahangaika na grafiti, na muuza silikoni hana haraka ya kumjibu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tarakimu zote mbili ni za kweli. Ila zimepima unga ukiwa peke yake, na unga peke yake si elektrodi.

Elektrodi ni tabaka. Ndani yake mna unga mkuu unaopokea na kutoa lithiamu, masizi ya kaboni ya kupitisha umeme, gundi ya kushikanisha vyote, na vitundu vya kupitia elektroliti, kimiminika kinachosafirisha ioni za lithiamu. Tabaka hilo, kwa kawaida likiwa rojo la unga na kiyeyushi, hupakwa pande mbili za foili: ya alumini kwa kathodi (upande chanya wa betri), ya shaba kwa anodi (upande hasi). Foili hizi huwezi kuzibadilishana. Alumini huungana na lithiamu kwenye volti za chini za anodi ikaharibika, na shaba huyeyuka kwenye volti za juu za kathodi. Basi kila ninapolinganisha hapa chini nalinganisha tabaka kwa tabaka, likiwa limeshapakwa, kukaushwa na kubanwa. Ukilinganisha hivyo, baadhi ya washindi wa kwenye karatasi wanarudi nyuma sana.

Kathodi: NMC811 na LFP

Kathodi ya kwanza iliyofika sokoni ilikuwa ya oksidi ya kobalti, iliyotokana na kazi ya John Goodenough na wenzake Oxford mwaka 1980 na kuuzwa ndani ya betri za Sony kuanzia 1991. Kobalti bado ipo kwenye vifaa vidogo, lakini anayebuni betri mpya leo kwa kawaida anasimama kwenye njia panda ya aina mbili. Moja ni NMC811, ambayo metali zake ni nikeli sehemu 8, manganizi 1 na kobalti 1. Nyingine ni LFP, yaani fosfati ya chuma na lithiamu, ambayo kundi hilohilo la Goodenough, wakati huo likiwa Texas, liliichapisha mwaka 1997.

Tufanye hesabu moja. Tunataka tabaka la upande mmoja wa foili libebe miliampea-saa 4 kwa kila sentimita ya mraba. Asilimia 95 ya tabaka ni unga mkuu, zilizobaki ni masizi na gundi. Densiti nilizotumia ni za kawaida kwa tabaka lililobanwa vizuri bila kupondwa.

| | NMC811 | LFP |
|---|---|---|
| Uwezo halisi wa unga (mAh kwa gramu) | 200 | 155 |
| Unga mkuu unaohitajika (mg kwa sm²) | 20 | 26 |
| Densiti ya tabaka (gramu kwa sm³) | 3.4 | 2.4 |
| Unene wa tabaka (mikroni) | 62 | 113 |
| Volti ya wastani ya seli yenye grafiti | 3.7 | 3.2 |
| Nishati (mWh kwa sm²) | 14.8 | 12.8 |

Kwa uzito, LFP imepitwa kwa takriban robo. Kwa unene imepitwa karibu mara mbili, na bado nishati yake ni ndogo kwa sababu ya volti. Ongeza anodi ya grafiti ya mikroni 81, kitenganishi cha mikroni 12, na nusu ya kila foili (jumla mikroni 11, kwa kuwa kila foili inagawanywa na pande mbili). Seli ya NMC811 inakuwa na rundo la mikroni 166, ya LFP mikroni 217. Ukigawa nishati kwa unene, LFP inabaki na takriban theluthi mbili ya nishati ya NMC811 katika ujazo uleule.

Kwenye simu, theluthi iliyopotea inauma. Kwenye kabati la kuhifadhi umeme wa jua, haimuumizi mtu yeyote. Ndiyo maana swali la "ipi bora" halina jibu kabla hujajua betri itakaa wapi.

LFP inalipa deni hilo kwa njia nyingine. Oksijeni yake imefungwa kwa nguvu na fosforasi, kwa hiyo seli ikipata joto kali haiiachii kirahisi. NMC811 iliyojaa chaji huanza kuachia oksijeni kwenye joto la karibu nyuzi 200, na oksijeni ikikutana na elektroliti inayowaka, unajua kinachofuata. LFP pia haina nikeli wala kobalti, na hudumu maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumika. Ina kero zake mbili: huzembea kwenye baridi, na volti yake hukaa palepale karibu muda wote wa kutumika, hivyo kifaa cha kusimamia betri hupata shida kujua kama chaji imebaki nusu au robo tatu.

Hiyo densiti ya 2.4 haikutokea kwa bahati mbaya. LFP karibu ni kihami. Umeme hupita ndani yake kwa shida sana. Dawa iliyopatikana ni kuisaga chembe ndogo sana na kuivika kila chembe koti la kaboni. Dawa ikafanya kazi, lakini chembe ndogo zina eneo kubwa la uso, hunywa gundi nyingi na kiyeyushi kingi, na hazijipangi vizuri zikibanwa. Udhaifu wa kifizikia ukageuka kuwa gharama ya kiwandani.

NMC811 ina mkasa wake. Juu ya chembe zake hubaki mabaki ya lithiamu yenye alkali, ambayo hufyonza unyevu hewani. Alkali hiyo inaishambulia PVDF, gundi inayotumika zaidi kwenye kathodi, na rojo lililokuwa linamiminika vizuri asubuhi linageuka jeli kabla ya jioni. Anayechagua NMC811 anachagua pia unga uliofungwa kwa uangalifu na hewa iliyokaushwa kuanzia kwenye mizani. Kama huna hewa kavu, usiinunue. Utakuwa unapima unyevu wa chumba chako ukidhani unapima kemia.

Ndani ya NMC kwenyewe kuna uchaguzi mwingine usiozungumzwa vya kutosha. Unga wa kawaida ni mabonge ya takriban mikroni 10, kila bonge likiwa na mamia ya fuwele ndogo zilizoshikana. Kila mzunguko wa chaji fuwele hizo hutanuka na kunywea, kila moja upande wake, na bonge linapata nyufa. Mbadala ni chembe za fuwele moja za mikroni chache, ambazo hazina mshono wa kupasukia na hustahimili roli za kubana. Mwaka 2019 kundi la Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, lilichapisha matokeo ya seli za fuwele moja za NMC532 zilizodumu maelfu ya mizunguko. Kasoro ni kwamba lithiamu husafiri mbali zaidi ndani ya kila chembe, hivyo kwa chaji ya kasi sana mabonge bado yana nafasi yao.

Msimamo wangu kwa upande huu ni rahisi: anza na LFP, na uiache tu pale ujazo au uzito utakapokulazimisha.

Anodi: grafiti, grafiti yenye silikoni, LTO

Kwa kathodi ileile ya miliampea-saa 4, anodi inapaswa kuzidi kidogo, tuseme kwa asilimia 10, ili lithiamu isikose pa kuingia. Lithiamu ikikosa nafasi huganda juu ya anodi kama metali, na huko ndiko shoti za ndani huanzia. Grafiti inayotoa 355 kwa gramu inahitaji tabaka la mikroni 81, likibanwa hadi densiti ya 1.6.

Sasa changanya silikoni. Aina inayotumika zaidi kwenye mchanganyiko ni oksidi ya silikoni, ambayo gramu yake inabeba takriban 1,500. Ukiweka asilimia 10 yake, mchanganyiko unapanda hadi karibu 470 kwa gramu, na tabaka, tuseme likibanwa hadi densiti ya 1.5 tu, linashuka hadi mikroni 66 hivi. Tumepunguza mikroni 15 kati ya 166 za rundo zima. Ni asilimia 9.

Asilimia 9 si haba kwa mtengeneza simu. Lakini linganisha na ile "mara kumi" tuliyoanza nayo. Hata anodi ingekonda hadi kutoonekana kabisa, kathodi, kitenganishi na foili vingebaki na mikroni 85, kwa hiyo nishati kwa ujazo isingefika hata maradufu. Kathodi ndiyo mzigo mkubwa, na hakuna silikoni inayoweza kuibeba.

Na asilimia hizo 9 zina bei. Grafiti ikijaa lithiamu hutanuka kwa asilimia 10 tu. Silikoni hutanuka hadi ujazo wake kukaribia mara nne. Kila mara inapotanuka, utando uliojijenga juu ya chembe hupasuka, uso mpya unakutana na elektroliti, utando mpya unajengwa, na lithiamu inayojenga utando hairudi tena kazini. Kwenye chaji ya kwanza grafiti hupoteza chini ya asilimia 10 ya lithiamu iliyopokea. Oksidi ya silikoni inaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30. Hasara hiyo inalipwa na kathodi, kwa sababu lithiamu yote ya seli inatoka huko. Kuna viwanda vinavyoongeza lithiamu ya ziada kwenye anodi kabla ya kuifunga seli, na ni kazi ya hatari inayotaka hewa kavu kweli kweli.

Gundi nayo lazima ibadilike. SBR (mpira bandia) na CMC (ya selulosi), zinazotosha kabisa kwa grafiti, huanza kushindwa kadiri silikoni inavyoongezeka. Hapo watu huhamia kwenye asidi ya poliakriliki, ambayo hushikana na uso wa silikoni kwa vifungo vingi. Tabaka lake likikauka huwa gumu na foili hujikunja pembeni, jambo ambalo halimo kwenye grafu yoyote lakini humkera kila anayesimama kwenye mashine.

LTO, yaani titanati ya lithiamu, ni kiumbe tofauti kabisa. Inabeba 175 tu kwa gramu, chini ya nusu ya grafiti, na kazi yake iko kwenye volti 1.55 juu ya lithiamu, hivyo seli yake na NMC inatoa takriban volti 2.3. Kwa nishati ni dhaifu. Lakini haitanuki hata kwa asilimia moja, lithiamu haigandi juu yake kwa urahisi hata kwenye baridi, inachajiwa kwa dakika chache, na inadumu zaidi ya mizunguko elfu kumi. Toshiba imekuwa ikiuza seli za aina hii tangu 2008. Faida isiyotarajiwa: kwa kuwa volti yake iko juu ya pale alumini inapoungana na lithiamu, foili ya shaba haihitajiki, unatumia alumini pande zote mbili.

Tabaka nene au jembamba

Hapa ndipo elektrodi mbili zenye unga uleule zinapogeuka kuwa betri mbili tofauti, na hapa ndipo mbunifu ana uhuru mkubwa kuliko kwenye kemia.

Tuliyoihesabu juu ni nene kiasi. Tuipunguze nusu, miliampea-saa 2. Kathodi ya NMC811 inakuwa mikroni 31, grafiti 40. Kitenganishi na foili hazipungui: mikroni 23 zilezile. Mwanzo zilikuwa asilimia 14 ya rundo, sasa ni asilimia 24. Zaidi ya hapo, kwa nishati ileile unahitaji foili mara mbili, kitenganishi mara mbili, na mita mara mbili za kupaka, kukata na kukunja. Tabaka jembamba ni ghali, na shaba ni nzito.

Kwa nini basi mtu apake jembamba? Kwa sababu ya muda. Muda wa ioni kusambaa hadi chini ya tabaka hukua kwa mraba wa unene: unene maradufu, muda mara nne. Seli ya miliampea-saa 4 ikichajiwa kwa saa mbili inapitisha miliampea 2 kwa sentimita ya mraba, jambo dogo. Ukitaka ijae kwa dakika 15 ni miliampea 16. Elektroliti iliyo ndani kabisa ya vitundu inaishiwa lithiamu, sehemu ya tabaka iliyo karibu na foili inakaa bure, na sehemu ya juu inalazimishwa kupokea yote. Grafiti inafanya kazi takriban volti 0.1 tu juu ya pale lithiamu inapoganda, kwa hiyo haina nafasi ya kuvumilia msukumo huo.

Roli za kubana zinaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Tabaka likitoka kwenye tanuri nusu yake au zaidi ni hewa. Roli hulibana, chembe zinagusana, umeme unapita vizuri, gundi inashika, na ujazo unapungua. Ukiendelea kubana, vitundu vinafungwa, njia za ioni zinapindapinda zaidi, mabonge ya NMC yanapasuka, na vipande bapa vya grafiti vinalala kama vigae vya paa, vikiilazimisha lithiamu kuzunguka pembeni ndipo iingie. Wengi huishia kati ya asilimia 20 na 35 ya nafasi tupu: chini kwa anayetaka nishati, juu kwa anayetaka kasi.

Nafasi hiyo tupu haihitaji mashine ya gharama kuipima. Gawa densiti ya tabaka lako kwa densiti ya mchanganyiko kama usingekuwa na kitundu hata kimoja. Kwa NMC811 yetu, 3.4 kwa 4.4: asilimia 77 ni vitu, 23 ni vitundu. Kwa LFP, 2.4 kwa 3.44: vitundu asilimia 30. Mizani na mikromita vinatosha. Nashangaa ni mara ngapi ripoti ndefu yenye picha za hadubini ya elektroni inakosa namba hii moja.

Zipo njia za kukwepa uchaguzi huu, angalau kidogo. Unaweza kupaka matabaka mawili, la chini lenye gundi zaidi na lililoshikamana, la juu lenye vitundu vingi. Unaweza kutoboa matundu kwa leza baada ya kubana ili ioni zipate barabara iliyonyooka. Leza inatoa matokeo mazuri kwa chaji ya kasi, lakini inachoma sehemu ya unga ulioulipia. Matabaka mawili yanaongeza ugumu kwenye mashine ya kupaka bila kutupa kitu, na kama ningelazimika kuchagua moja ningeanza nayo.

Rojo la NMP, rojo la maji, au unga mkavu

Kwa anodi ya grafiti mjadala ulishakwisha: maji. CMC huipa rojo uzito, SBR hulipa tabaka mnyumbuko, na maji yakikauka hayamdhuru mtu. Ubishi uko kwenye kathodi.

Njia iliyozoeleka ni PVDF iliyoyeyushwa kwenye NMP, kiyeyushi cha kikaboni. Faida yake kubwa ni kuzoeleka kwenyewe. Rojo linatulia, linapakika sawasawa, na NMC haipati unyevu. Lakini NMP huchemka kwenye nyuzi 202, ina madhara kwa uzazi na Umoja wa Ulaya unaibana kisheria, na kwa gharama yake huwezi kuiachia iende hewani: lazima mvuke wake unaswe na kurudishwa. Tanuri la makumi ya mita pamoja na mtambo wa kunasa mvuke ni miongoni mwa vitu vinavyokula nishati nyingi zaidi katika kiwanda cha betri.

Kukausha nako kuna siri yake. Joto likiwa kali mno, kiyeyushi hukimbilia juu kikibeba gundi na masizi. Tabaka linaonekana zuri kwa macho, ila chini kwenye foili gundi imepungua, na kwenye roli au kwenye kukata linabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kadiri tabaka linavyokuwa nene ndivyo tatizo linavyokua. Anayetaka tabaka nene na tanuri la kasi kwa pamoja anavutana na fizikia.

Maji kwenye kathodi yanafuta NMP yote, na mvuke wake hauhitaji kunaswa. LFP inayavumilia vizuri kiasi. NMC811 haiyapendi: lithiamu inatoka kwenye chembe, rojo linakuwa alkali kali, na alkali inaila foili ya alumini. Viputo vya hidrojeni vinatoka na kuacha mashimo kwenye tabaka. Asidi ya fosforiki kidogo kwenye rojo husaidia kushusha alkali, na foili iliyovikwa kaboni husaidia zaidi. Kuna na jambo la mvutano wa uso: wa maji unakaribia mara mbili ya wa NMP, hivyo tabaka nene likikauka hupasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Na unyevu wowote unaobaki unakutana na chumvi ya elektroliti, LiPF6, na kutoa asidi ya haidrofloriki, kwa hiyo ukaushaji wa mwisho chini ya ombwe haurukwi hata rojo likiwa la NMP, sembuse la maji.

Njia ya tatu ni kutokuwa na rojo. Unga, masizi na PTFE (plastiki ya Tefloni, ambayo hapa ndiyo gundi) vinakandwa pamoja kwenye joto; PTFE inavutika kuwa nyuzi nyembamba mno zinazonasa chembe kama utando wa buibui, kisha roli zinageuza unga kuwa karatasi inayobandikwa kwenye foili. Hakuna tanuri, hakuna NMP, na kwa kuwa hakuna kinachokauka, gundi haina pa kukimbilia. Tabaka nene, ambalo ni kero kwenye rojo, hapa ni la kawaida. Maxwell Technologies ilitumia njia hii kwenye kapasita zake kwa miaka, na Tesla iliinunua kampuni hiyo mwaka 2019 ikiitaka mbinu hiyo kwa betri.

Ugumu wake ni wa kimashine. Unga hauenei wenyewe kama rojo linavyoenea. Kupata karatasi pana yenye unene sawa, mita baada ya mita, bila matundu wala kingo zilizochanika, ni kazi ya roli nzito zenye usahihi wa mikroni. Halafu PTFE haifai kwa anodi: kwenye volti ya chini inanyang'anywa florini na lithiamu, na lithiamu hiyo inapotea. Kwa hiyo wanaotaka anodi kavu wanatafuta gundi nyingine au wanakubali hasara. PTFE pia iko kwenye familia ya kemikali za florini zisizooza ambazo wasimamizi wa mazingira wanazidi kuzikazia macho.

Ukiwa na kiwanda kinachotembea, NMP haina aibu. Ukijenga kipya kwa ajili ya LFP, maji yanastahili majaribio ya dhati kabla ya kuagiza mtambo wa kunasa mvuke. Njia kavu ningeiacha kwa mwenye mtaji wa kununua roli za kuharibu na subira ya miaka.

Jambo dogo kando: masizi ya kaboni au nanotyubu za kaboni? Masizi yanataka asilimia 2 au 3 ya tabaka, nanotyubu chini ya asilimia moja zinaweza kutosha, na nafasi iliyookolewa inajazwa unga mkuu. Lakini nanotyubu zikija kwa unga zinajisokota kama nywele na mchanganyaji wa kawaida hazifungui. Nunua zilizokwisha tawanywa kwenye kimiminika.

Kabla ya kuamini ulinganisho wowote

Majaribio mengi ya elektrodi hufanywa kwenye seli ya kitufe, elektrodi moja ikitazamana na kipande cha lithiamu tupu. Kipande hicho kina lithiamu kuliko inavyohitajika, kwa hiyo anodi ya silikoni inayopoteza lithiamu kila mzunguko inaonekana nzima kabisa: inajaziwa kimyakimya. Iweke mbele ya kathodi halisi na uwezo unaporomoka. Seli ya kitufe pia huwekewa elektroliti tele, kwa hiyo tabaka lenye vitundu vilivyoziba linaficha kasoro yake. Na tabaka lililopakwa kwa kisu cha mkono, miligramu 3 za unga kwa sentimita, litachajiwa kwa dakika tano bila jasho. Linganisha na 20 tulizoanza nazo.

Kwa hiyo ukipewa grafu, uliza mambo manne: tabaka lina miligramu ngapi kwa sentimita ya mraba, limebanwa hadi vitundu asilimia ngapi, lilitazamana na nini, na elektroliti ilikuwa kiasi gani. Usipojibiwa, iweke grafu kando.

Ningechagua nini

Kwa kabati la kuhifadhi umeme wa jua, linalochajiwa mchana mzima na kutumika usiku kucha: LFP na grafiti, tabaka nene, miliampea-saa 4 au zaidi, vitundu vya wastani. Mkondo ni mdogo, ujazo si tatizo, na kila mikroni ya unene inapunguza shaba. Kathodi ningeijaribu kwa maji.

Kwa kifaa kinachobebwa, droni au simu, ambako gramu na milimita zinahesabiwa: kathodi yenye nikeli nyingi, ya fuwele moja kama mizunguko mingi inatakiwa, na grafiti yenye silikoni isiyozidi asilimia 10. Rojo la NMP, chumba kikavu ambacho hewa yake haitoi umande hata ikipozwa hadi −40 °C, na majaribio kwenye seli kamili tangu wiki ya kwanza, kwa sababu silikoni ndiyo inayodanganya zaidi kwenye kitufe.

Kwa gari la abiria swali ni kasi ya chaji. Kama dakika 30 hadi 40 zinavumilika, miliampea-saa 3 hadi 3.5 na grafiti iliyopakwa matabaka mawili inaleta mizani nzuri, iwe kwa LFP au NMC. Ukilazimishwa kufika dakika 15, shuka karibu na 2.5 na ukubali kulipia shaba.

Na kwa basi linalorudi kwenye kituo kilekile kila nusu saa, likichajiwa abiria wakipanda, mara mamia kwa mwezi, kwenye baridi na kwenye joto: LTO, tabaka jembamba, alumini pande zote mbili. Itakuwa nzito na ghali kwa kila kilowati-saa, lakini kilowati-saa zinazohitajika ni chache, kwa sababu chaja iko umbali wa nusu saa tu.